Kifuani kwa Nani?

Neno la meneja wa shamba la miti lilikuwa kama dawa ya meno: likishatoka, halirudi ndani. Na leo lilikuwa limetoka. Kati ya mashamba mawili ya majaribio, lenye mbao chache lingekatwa, kisha bonde zima lipandwe kwa mtindo wa mshindi.

Shamba la chini lilikuwa la mikaratusi mitupu, imejipanga kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. La juu lilikuwa la Bibi Miti, mtaalamu wa misitu: mkaratusi, mgunga, mkaratusi, mgunga. Meneja aliliita harusi isiyo na baraka za wazazi. Kwa miaka mingi Bibi Miti alikuwa amemweleza, kwa subira ya mtu anayemfundisha paka kuogelea, kwamba mgunga huurutubisha udongo na mkaratusi hunufaika, kila mmoja hupata mwanga kwa kimo chake, na kwa pamoja huhifadhi kaboni nyingi zaidi, kwenye mbao na ardhini.

Asubuhi hiyo vipimo vya safu moja ya mfano kutoka kila shamba vilikuwa vimesomwa. Shamba la juu liliongoza kwa mbali. Meneja alitamka kwamba ameshindwa, akamwongoza fundi wa msumeno hadi shamba la chini.

Bibi Miti alifuata akitabasamu mpaka alipoufikia mti wa kwanza. Mstari wa chaki, pale utepe ulipozungushwa, ulikuwa kwenye usawa wa paji la uso wake.

Tabasamu likafa.

"Shemeji," alimnong'oneza mdogo wa mumewe, kijana mrefu ambaye kila mtu alimwita Twiga, "hapa ulipima wapi?"

"Kifuani. Si ulisema tupime kifuani?"

"Kifuani kwa nani?"

Twiga alijitazama. "Kwangu. Ningeazima wapi kingine?"

Shamba la juu lilikuwa limepimwa na mwenzake, Nukta, ambaye kifua chake kiliishia kwenye mkanda wa Bibi Miti. Shina la mti ni nene chini, jembamba juu. Kwa hiyo Twiga alikuwa ameipunja mikaratusi ya chini, Nukta akainenepesha miti ya juu, kila mmoja kwa moyo safi na kwa kifua alichojaliwa na Mungu. Na aliyewatuma bila kuwatajia kimo ni Bibi Miti mwenyewe.

"Nyamaza, shemeji," Twiga alisema kwa sauti ya chini. "Umeshinda. Mshindi haombi mechi irudiwe."

Fundi alivuta kamba. Msumeno ukakohoa, ukaunguruma. Bibi Miti alihisi mngurumo ule mpaka kwenye magego. Angeweza kunyamaza, na miti yake ingeishi. Lakini bonde zima lingepandwa kwa ushahidi wa vifua viwili, na yeye mwenyewe asingejua kamwe kama alichokihubiri miaka yote kilikuwa kweli.

"Zima," alisema.

Alimweleza meneja yote. Meneja hakucheka.

"Kwa hiyo shamba lako huenda ndilo lenye mbao chache."

"Huenda."

"Na ikiwa hivyo?"

"Fundi apande juu na msumeno wake."

Nukta akakata fimbo ya mita moja na sentimita thelathini, kimo ambacho vitabu vya misitu hukiita kifua. Safari hii meneja alishika utepe mwenyewe. Mti baada ya mti, mikaratusi ya chini ikanenepa. Walipopanda juu, mikaratusi ya Bibi Miti ikakonda. Ilibaki minene kuliko ya chini, lakini ilikuwa nusu ya safu tu. Meneja alijumlisha.

"Uko nyuma," alisema. "Nyuma sana."

"Bado migunga."

"Ile migunga yako myembamba?"

"Hiyo hiyo. Pima."

Twiga, kwa mara ya kwanza tangu kaka yake aoe, alikosa utani. Nukta alisimamisha fimbo, meneja akazungusha utepe, akasoma, akasogea. Bibi Miti aliacha kutazama namba, akatazama uso wa meneja. Ulikuwa mgumu kama kopo la rangi lililosahaulika. Mgunga wa mwisho ulipopimwa, alijumlisha, akarudia, akamkabidhi Twiga namba ajumlishe, kisha akamnyang'anya.

"Limezidi," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Kidogo. Si kama ulivyoniambia asubuhi."

"Si kama nilivyokuambia."

Fundi aliuliza akate wapi. Meneja alinyoosha kidole kuelekea shamba la chini, bila kumtazama mtu.

Bibi Miti hakushangilia. Aliketi juu ya majani makavu ya migunga, akamwomba Nukta ile fimbo, akailaza mapajani.