Plagi Safi Kupita Kiasi

Wako wanawake wanaopekua mifuko ya suruali za waume zao. Mwalimu alikuwa anapekua injini. Kila baada ya miezi kadhaa, Jumamosi asubuhi, alivaa ovaroli lake lililopauka, akafungua boneti ya lile gari jekundu la milango miwili, akabadilisha oili, akakung'uta chujio la hewa, kisha akazitoa plagi zote sita na kuzipanga juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio uleule zilivyokaa ndani. Fundi mwingine angetupa za zamani akafunga mpya, basi. Yeye hakutupa kitu kabla hajakitazama. Alikuwa anafundisha kemia, na masizi ya plagi yalimpa majibu mazuri kuliko baadhi ya wanafunzi wake.

"Haya, ameanza kupiga ramli," mumewe alizoea kusema.

Lilikuwa gari la mbio kwelikweli. Likikanyagwa mafuta, madirisha ya majirani yalitetemeka, na majirani walikwisha kulalamika wee mpaka wakachoka. Walilinunua pamoja likiwa kuukuu, wakagawana kazi: mke spana, mume usukani. Hivyo ndivyo walivyoishi nalo hadi siku mume alipozimia akiingia getini. Bahati nzuri gari lilikuwa linatambaa tu. Likagusa ukuta, likachubuka kidogo. Daktari akasema ni moyo, mapigo yake hayaendi sawa, na mpaka vipimo viishe mgonjwa asiendeshe. Mume aliapa mbele ya mkewe kwamba hataendesha. Tangu hapo gari halikutoka. Mwalimu aliliwasha mara moja kwa wiki, mwenyewe kasimama nje na mkono kaupitisha dirishani, akaliacha lingurume kidogo ili betri isife, akalizima.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo, alipoitoa plagi ya kwanza, alisita. Injini inayowashwa bila kwenda popote hujaa masizi, na plagi zake hutoka nyeusi tititi, ukizigusa zinakupaka vidole. Hii ilikuwa na rangi ya hudhurungi hafifu, kama chai iliyozidi maziwa. Akaipangusa, akaigeuza juani. Akatoa ya pili. Akaharakisha ya tatu mpaka spana ikamponyoka. Zote sita zilikuwa safi.

Plagi haijisafishi kwa maombi. Masizi yale huunguzwa na moto mkali, na moto huo haupatikani uani. Unapatikana barabarani, mguu umekandamiza mafuta hadi mwisho. Mtu alikuwa amelikimbiza gari hili, tena juzijuzi.

Kwanza alifurahi, kama mtu yeyote anayegundua jambo. Kisha akapiga hesabu. Yeye hushinda shuleni, mume hushinda nyumbani. Kama alikuwa anatoroka na gari, kwa moyo ule, basi siku moja wangemletea maiti, na huenda pamoja na ya mtoto wa watu aliyegongwa njiani. Aliogopa, na kiapo kile kikamtia hasira.

Lakini hakukimbilia kugomba. Alichuchumaa akatazama magurudumu: vijiwe vipya vilikuwa vimenasa kwenye tairi. Akafungua mlango aingie, magoti yakagonga usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele mpaka mwisho wa reli yake. Mumewe alikuwa na miguu mirefu kama ngazi. Pale asingeingia hata kwa kukunjwa. Akapapasa nyuma ya kiti, akavuta mto wa maua wa sebuleni, ule uliotafutwa nyumba nzima.

Katika nyumba ile mtu wa kuhitaji mto ili aione barabara alikuwa mmoja tu. Mama mkwe wake alikuwa amekaa barazani anashona kifungo. Aliendesha magari ya wagonjwa maisha yake yote ya kazi, na hata baada ya kustaafu majirani waliendelea kumwita Mama King'ora.

Mwalimu akamwendea, mto kwapani.

"Mama, lile gari linakwendaje?"

"Gari gani?"

"Ulilolikimbiza."

Mama King'ora akakata uzi kwa meno. "Gia ya tatu inagoma kuingia. Iangalie."

Mwalimu akacheka bila kutaka. Kumbe si yeye! "Na mimi nilikwisha kumhukumu mwanao bure. Haya, ulikuwa unawahi wapi na mwendo ule?"

Mama mkwe hakucheka. Aliichomeka sindano kwenye kitambaa. "Muulize mwenyewe. Nilimwambia akwambie. Nimemngoja, nimechoka."

Mume alikuwa amesimama mlangoni, na kwa uso wake alikuwa amesikia yote.

"Jumatano nilianguka jikoni," alisema. "Mama akaniburuta hadi garini, akanipeleka hospitali. Nilikuahidi sitashika usukani. Sikushika."

"Sijakuuliza habari za usukani." Mwalimu alimgeukia. "Jumatano nilirudi nikakukuta umekaa unakunywa chai. Ukaniuliza siku yangu ilikuwaje, nami nikakaa nakusimulia vituko vya wanafunzi."

"Ulikuwa unacheka. Tangu nizimie pale getini ulikuwa hujacheka. Nikasema leo nimwache acheke."

Mwalimu alitaka kumpiga kwa ule mto, na alitaka kumkumbatia, akabaki ameukumbatia mto.

"Daktari kasemaje?"

"Jumatatu wananipasua. Wananiwekea kifaa kifuani, cha kuusukuma moyo unapojisahau."

"Na mimi ningejua lini?"

Mama King'ora ndiye aliyejibu. "Alitaka hiyo Jumatatu niseme tumekwenda kumtembelea dada yake. Nikamwambia mimi uongo huo siubebi."

Mwalimu akarudi kwenye gari, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Akafunga plagi mpya; moja aliianza upya mara kadhaa, machozi yalikuwa yanamzuia kuona. Kebo ya klachi aliikuta imelegea, ndiyo maana gia iligoma; akaikaza.

Jumatatu hakwenda shuleni. Mama King'ora alikaa kwenye usukani, mume akalazwa kidogo kwenye kiti cha pembeni. Kiti cha nyuma cha gari lile hakikutengenezewa mtu mzima, lakini Mwalimu aliingia, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama, usikimbize," mume alisema.

Mwalimu akapitisha mkono ubavuni mwa kiti cha mumewe, akauingiza ndani ya shati, akauweka kifuani. Moyo ukapiga, ukapiga, ukanyamaza. Alibaki ameuweka mkono palepale mpaka ukapiga tena.

"Mama," alisema, "kimbiza."