Nakala kwa Mhusika

Mnasihi wa kwanza alikuwa na paka. Si kwamba Kaboni ana ugomvi na paka, lakini mtu umekaa mbele ya kompyuta, umechana nywele, umevaa na hereni, unaanza kumweleza binadamu mwenzako habari za moyo wako, halafu mkia unapita mbele ya uso wake, kushoto kwenda kulia, kama unafuta ubao. Wa pili hakuwa mtu kabisa. Ilikuwa mashine ya kujibu, na kila alichoandika Kaboni yenyewe iliandika, "Nasikia maumivu yako." Kaboni akaiuliza inasikia kwa sikio gani. Ikajibu kwamba inasikia maumivu yake.

"Mama, usiigombeze kompyuta," bintiye alisema kutoka jikoni.

"Siigombezi. Naihoji."

Wa tatu ndiye aliyedumu. Msichana mwembamba, miwani mikubwa, ukuta mtupu nyuma yake, wala hakuwa na tabia ya kutikisa kichwa kama anayekubali kila kitu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, unataka nini hasa?" Kaboni, aliyekuwa amejiandaa kuhadithia tangu enzi za Nuhu, akajikuta amemaliza yote kwa pumzi moja.

"Wifi yangu anahama mwisho wa mwezi. Anakwenda kukaa kwa mwanawe, mbali, safari ya ndege. Nataka nimuage kama mtu anavyomuaga mtu. Na siwezi, maana sijamsamehe."

"Tangu lini?"

"Miaka thelathini na mmoja."

Msichana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Yeye mwenyewe hakuonekana kama ameifikisha hiyo miaka.

"Nisimulie," akasema.

Ikabidi Kaboni arudi kwenye chumba cha taipu. Kilikuwa ghorofa ya pili, madirisha marefu, mashine kumi na mbili katika safu mbili, na zote zikipigwa kwa pamoja ungedhani mvua ya mawe imeangukia bati. Mbele aliketi mkuu wa chumba, mama mmoja mnyoofu wa mgongo na wa maneno, ambaye wasichana walimwita Rula. Rula ndiye aliyewafundisha kila kitu: kukaa, kupiga bila kutazama vidole, kuacha nafasi pembeni. Ndiye aliyewaambia pia kwamba ukimlalamikia mtu kwa barua, yeye mwenyewe apate nakala, la sivyo hiyo si barua, ni umbeya uliopigwa taipu.

Kaboni alipata jina lake wiki ya kwanza, kwa sababu alikuwa hawezi kushika karatasi ya kaboni bila kuondoka nayo, vidoleni, mashavuni, siku moja hadi kwenye meno. Jirani yake wa kushoto wakamwita Kengele. Mashine za zamani zilikuwa na kikengele cha kukuonya kwamba mstari unakwisha, na cha huyu kililia mara mbili zaidi ya vya wenzake, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Lakini jina lilimganda kwa sababu ya kicheko. Kilianzia mabegani, kimya kimya, mabega yanapanda na kushuka, halafu ghafla, ngrii! chumba kizima kimeambukizwa na Rula amesimama.

Wawili hao walikuwa wanasomeana. Mwandiko wa meneja ulikuwa kama kuku amepita na miguu ya wino, na Kengele peke yake ndiye aliyeuweza. Basi yeye anasoma kwa sauti, vituo na vyote, "Ndugu koma tafadhali rejea barua yako nukta," Kaboni anapiga. Asiposikia anasema, "Rudia." Kengele anarudia. Walipiga barua maelfu namna hiyo, na katikati ya barua wakasengenya nusu ya jengo bila kukosa herufi.

Mpaka ile barua ya ziara. Ilikuwa inakwenda kwenye tawi, kuwaambia habari za wageni wakubwa waliokuwa waje tarehe kumi na mbili. Mstari wa mwisho wa meneja ulisema: *Hata hivyo, ziara hiyo imesogezwa mbele kwa wiki mbili.* Asubuhi ile Kengele alikuwa anacheka jambo ambalo leo hakuna anayelikumbuka, na mstari ule haukutoka kinywani mwake. Tarehe kumi na mbili tawi zima likasimama juani tangu saa mbili asubuhi, sare mpya, mawe ya njiani yamepakwa chokaa, kuwangoja wageni ambao hata masanduku walikuwa hawajafunga. Saa tisa alasiri mtu wa tatu alipozimia ndipo wakapiga simu.

Rula aliwaita wote wawili. Rasimu ya meneja ilikuwa imeshatupwa. "Nani?" akauliza. Na Kengele, akitazama sakafu, akasema, "Mimi nilisoma yote."

Maneno matatu tu. Kaboni akapelekwa masijala, chini kabisa ya jengo, akakaa miaka tisa na majalada na mende. Na kama hiyo haitoshi, siku moja kaka yake alimletea mwavuli kazini, akapotea njia, akaingia chumba cha taipu kuulizia masijala iko wapi. Alitoka mle na mchumba. Kwa hiyo Kengele akawa wifi, na Kaboni akanyamaza ili asimharibie kaka ndoa. Ikawa miaka ya "Wifi hujambo," "Sijambo wifi," "Wifi nipitishie chumvi." Miaka mitatu iliyopita kaka alizikwa bila kujua lolote.

Msichana wa miwani alitazama saa. "Mama, umesimulia dakika arobaini. Thelathini zote umenieleza mlivyokuwa mnacheka."

"Ndiyo hivyo. Si ndiyo kazi ilivyokuwa?"

"Hiyo masijala, ungeisamehe?"

Kaboni akafikiri. Masijala alikuja kuizoea, hata akaipenda, alijua kila jalada lilipolala. "Masijala nimeshaisamehe," akasema polepole. "Tatizo kule chini hakukuwa na wa kusomeana naye."

Mnasihi akampa kazi ya nyumbani: amwandikie wifi barua, aeleze yote, halafu asiitume.

"Nisiitume?"

"Ndiyo, mama. Ni ya kwako tu."

"Mwanangu, nimeandika barua miaka thelathini na nne. Sijawahi kuandika barua nikaikalia."

Wakapatana: aiandike, lakini aitume kwa mnasihi. Kesho yake asubuhi, baada ya chai, Kaboni alinyoosha mgongo kama Rula yuko nyuma yake, akapiga kwa vidole kumi, bila kutazama.

*YAH: KUSHINDWA KUMSAMEHE WIFI YANGU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

Hapo milango ikafunguka. Aliandika ukurasa mzima. Mlimokuwa na mende akaandika mende. Alipofika chini vidole viliendelea vyenyewe, kama miguu ya mtu anayerudi nyumbani bila kufikiri njia. Vikaandika *Nakala: Mhusika*, vikapanda juu kwenye sehemu ya nakala, na anwani ya wifi ikajileta, maana walikuwa wameandikiana kuhusu nyaraka za marehemu. Akabonyeza. Akaenda kumwagilia mchicha, moyo mwepesi.

Alhamisi mnasihi alionekana kwenye kioo cha kompyuta ameuma mdomo.

"Mama, barua yako nimeipata. Nzuri sana. Ila naona imekwenda kwa watu wawili."

"Ndiyo, wewe na…" Damu ikamshuka Kaboni mpaka kwenye ndara.

"Mama? Upo?"

"Nipo, mwanangu. Ila natamani nisingekuwepo."

"Hebu tupumue kwanza."

"Wewe pumua. Mimi ngoja nitafute pa kujificha."

Hakupata pa kujificha. Siku mbili simu haikulia, na Kaboni aliitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Jumamosi, saa nne asubuhi, ikaja hodi. Aliijua hodi ile, mara mbili haraka na mara moja ya kuchelewa.

Kengele alikuwa mlangoni, amepungua, goti moja limefungwa bandeji, bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea, si ya kutembelea, jambo ambalo kwa mwanamke wa goti bovu lilikuwa ujasiri mkubwa.

"Nimepokea nakala," akasema.

"Wifi, vile ni vidole tu, mimi sikukusudia…"

"Vidole vyako havijawahi kukosea. Hilo mimi ndiye ninayelijua kuliko mtu yeyote." Akaingia, akaketi, akatoa karatasi kwenye bahasha. Alikuwa ameichapisha dukani. "Barua yako ina makosa mawili."

Kaboni, aliyekuwa tayari kuomba radhi, akahisi radhi zinarudi tumboni. "Makosa?"

"Aya ya pili. Umeandika kwamba nilicheka ulipokuwa unabeba vitu vyako kwenda masijala. Sikucheka. Nilikuwa nalia, nimejifunika karatasi usoni. Mabega yangu yanatikisika vilevile, nikicheka nikilia. Marehemu mwenyewe alikuwa hawezi kutofautisha, anauliza kwanza."

Kaboni akakaa.

"Na la pili?"

"Aya ya tatu. Umeandika, 'huenda aliruka mstari.'" Kengele aliweka kidole pale. "Ondoa huenda."

Jikoni bintiye aliacha kuosha vyombo. Maji yakaendelea kutiririka peke yake.

"Ulijua," Kaboni akasema.

"Nilijua Rula alipotutazama tu. Nikauona mstari mbele ya macho yangu, na mwandiko wake mbaya. Mdomo ukawahi. Na ukishasema mara moja, wifi, kesho huna budi useme tena, na keshokutwa, mpaka siku moja unakuta umeshaolewa nayo."

"Mimi nimekula vumbi miaka tisa."

"Najua."

"Hujui! Hakuna aliyekuwa anacheka kule! Hata mende walikuwa wananyata!"

Kengele hakujitetea. Aliinyoosha karatasi, akakohoa kidogo kusafisha koo. "Vuta kiti. Nakusomea. Wewe fuata kwa kidole."

Kaboni akavuta kiti, hakujua kwa nini, ila mwili ulikuwa umeshazoea kuvutwa na sauti ile. Kengele akaanza tangu juu kabisa, tarehe, anwani, yah nukta mbili. Alisoma mende. Alisoma mwavuli. Kidole cha Kaboni kilipita chini ya kila neno, na hakikupata neno hata moja lililorukwa.

"Amekaa mezani kwangu koma amekula chakula changu koma ameolewa na kaka yangu koma na hajawahi hata siku moja kuniambia pole nukta."

"Rudia," akasema Kaboni.

Alikuwa amesikia vizuri. Kengele naye alijua kwamba amesikia. Alirudia, vituo na vyote, na kwenye koma ya tatu sauti ikamkwama, akaisubiri irudi, akamaliza. Halafu akaongeza, "Pole, Kaboni. Hiyo haimo kwenye barua."

Hakuna aliyemwita hivyo kwa miaka mingi. Mezani alikuwa wifi, mtaani mama fulani. Kaboni alitazama vidole vyake, visafi, vya uzeeni, akatamani vingekuwa na weusi kidogo.

"Endelea," akasema. "Usinikatie barua njiani."

Kengele akaendelea mpaka chini. "Wako mtiifu nukta. Nimesoma yote."

Kidole cha Kaboni kilikuwa bado kwenye karatasi. "Umeruka mstari."

Rangi ikamtoka Kengele. "Wifi, haki ya Mungu…"

"Huo hapo chini."

Kengele aliileta karatasi puani. Akasoma polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, "Nakala… nukta mbili… Mhusika."

Mabega yakaanza. Yakapanda, yakashuka, karatasi ikatikisika nayo. Kaboni aliyatazama na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na uhakika. Halafu, ngrii! kama zamani, na yeye mwenyewe akawa ameshaanguka begani kwa wifi yake, machozi hadi shingoni.

Bintiye akachungulia. "Jamani, mnalia au mnacheka?"

"Tazama chai!" walimjibu kwa pamoja.

Walipopata pumzi Kaboni alijipangusa, akasogea kwenye kompyuta, akanyoosha mgongo. "Yule mtoto wa miwani anangoja taarifa. Amehangaika sana na mimi. Nisomee."

"Nisome nini, hakuna rasimu."

"Iliyo kichwani."

Kengele akafumba macho. Alikaa hivyo kidogo, akihesabu kitu kwenye vidole, siku labda, au nguo za kufunga.

"Yah nukta mbili kumuaga wifi," akasema. Vidole kumi vikashuka. "Safari ya wifi ilikuwa mwisho wa mwezi huu nukta. Hata hivyo koma…"

Akafumbua macho, akamtazama Kaboni.

"…safari hiyo imesogezwa mbele kwa wiki mbili nukta."

Kaboni aliupiga mstari ule wote, herufi kwa herufi. Kisha akapanda juu, kwenye sehemu ya nakala.

"Na mwanao naye apate," akasema. "Asije akasimama juani."