Watoto wa Kujaza Darasa

Shule ndogo ya serikali iliyokuwa kandokando ya ziwa Mweru, upande wa Zambia, mbele ya mji wa Nchelenge, ilikuwa imebaki na wanafunzi wachache mno. Familia nyingi zilikuwa zimefuata kazi za migodi ya shaba, Kopabelti. Ikasemwa kwamba mkaguzi akiikuta hivyo ataifunga.

Mwalimu mkuu, Ba Lackson, akamwendea Emilienne, mchuuzi wa samaki aliyetoka ng'ambo ya ziwa, Zaire, na kuhamia hapo na binti yake Delphine.

"Mama Delphine, batoto ba kwenu banashinda bure ku ziwa. Balete ku sukulu. Tutabafundisha sawa na ba kwetu, mupaka mutihani ya mwisho."

"Ni neno ya kweli, Ba Ticha?"

"Mbele ya Mungu."

Emilienne akaamini. Akapita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wenzake. Jirani yake Suzanne ndiye aliyekuwa mgumu, maana wanawe walimsaidia kukausha samaki. Emilienne akamsihi mpaka akalegea.

Darasa likajaa. Mkaguzi alipowakuta watoto wa Kibemba, wenyeji wa hapo, na wa Zaire wakisoma Kiingereza benchi moja, akafurahi. Shule ikapona, ikapata na mabati mapya. Miaka ikaenda. Delphine, aliyeingia bila kujua neno la Kiingereza, akafika darasa la saba akiwa wa kwanza.

Mtihani wa mwisho ulipokaribia, akarudi nyumbani asubuhi, sare ingali safi.

"Mama, Ba Ticha amesema batoto ba ng'ambo tusirudi. Ati hatuna nafasi ya mutihani."

Emilienne akaenda shuleni mbio. Ba Lackson hakumtazama usoni.

"Bengi benu Kingereza inabashinda. Bakianguka, sukulu yangu inaanguka. Nikimubakisha Delphine peke yake, bengine batalalamika."

"Ni wa kwanza, Ba Ticha."

"Najua."

Neno hilo ndilo lililomkata maini. Angesema hajui, angalau wangebishana.

Aliporudi alimkuta Suzanne mlangoni. "Batoto bangu ulibatoa weye ku nyumba," Suzanne akasema taratibu. Emilienne akaketi pale pale chini, akalia.

Alimpeleka Delphine kwa mjomba wake mjini Kasenga, upande wa Zaire, ambako shule zilifundisha kwa Kifaransa. Huko wakamrudisha madarasa ya nyuma, maana Kifaransa chake kilikuwa cha mdomoni tu.

Mwaka uliofuata Ba Lackson akamfuata Emilienne penye majiko ya samaki, amefunga tai. Darasa lilikuwa limepungua tena.

"Mama Delphine, ongea na benzako."

Alitamani kumtukana. "Sina tena neno ya kubaambia," akasema, akaendelea kugeuza samaki mpaka mwalimu akaondoka.

Shule ikafungwa. Watoto wa Kibemba wakawa wanatembea hadi shule ya mbali, Kashikishi, wengine wadogo kabisa, miguu imejaa vumbi. Emilienne alikuwa amedhani angefurahi. Alipowaona wakipita hakufurahi.