Mstari wa Kwanza

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Naogopa mbwa, naogopa lifti, na tangu binti yangu aanze kwenda kazini kwa baiskeli naogopa malori kuliko vyote hivyo. Yeye ni muuguzi, zamu yake inaanza saa moja asubuhi, na barabara ya kwenda hospitali haina hata shubiri ya pembeni ya kukimbilia. Lami inaishia, mtaro unaanza. Nilimwambia atembee, akaniambia nisimfanye mtoto. Haambiliki.

Mimi nafanya kazi masjala ya manispaa. Kila barua inayoingia naipokea, naigonga muhuri, naiandika kwenye daftari, naipeleka kwa mwenyewe. Mwaka wa kumi na tisa huu. Kwa hiyo kaka yangu alipokuja nyumbani na fomu ya ombi la wananchi, nilijua vizuri kuliko yeye karatasi ile ingepita mikononi mwa nani. Kaka yangu ni fundi baiskeli. Watu humwita Breki, kwa sababu mdomo wake hauna.

Ombi lenyewe lilikuwa fupi: njia ya baiskeli kutoka sokoni hadi hospitali, na vyuma vya kufungia baiskeli ndani ya geti la hospitali, maana walinzi walikuwa wakizikuta zimeegeshwa ukutani wanazitupa nje ya uzio. Chini kulikuwa na safu tatu: jina, mtaa, sahihi.

"Anza wewe, dada," Breki akasema. "Una mwandiko mzuri. Watu wakiuona watapata moyo."

Sasa ngoja nikwambie. Wiki hiyohiyo mhandisi wa manispaa, ambaye masjala yetu iko chini yake, alikuwa amesimama katikati ya ofisi akatueleza kwamba mpango wake ni kuipanua barabara iwe ya magari tu, na mtumishi yeyote atakayeonekana akiupiga vita aanze kutafuta pa kwenda. Alisema kwa upole, na upole ndio uliotutisha. Mimi nikashika kalamu, mkono ukagoma. Mbele ya kaka yangu sikutaka kuonekana nimeogopa, basi nikaandika "Mama Bibie". Bibie ni jina la kumdekeza binti yangu, na ofisini hakuna anayelijua. Penye sahihi nikaweka tiki.

"Ndiyo saini hiyo?" Breki akauliza.

"Wanauliza kama ni sahihi. Kwani si sahihi?"

"Sahihi kabisa," akajibu, akaondoka na fomu yake akipiga mluzi.

Nilijiona mjanja. Sikujua kwamba watu hawasomi maelekezo, wanatazama aliyewatangulia amefanya nini.

Baada ya wiki tatu fomu ikarudi kwangu kaunta, kurasa kumi na nne. Nikafungua ya kwanza, nikafungua ya pili. Mama Pacha, tiki. Baba Mkubwa, tiki. Babu wa Matairi, Shangazi wa Vitambaa, Mjomba Mrefu, tiki, tiki, tiki. Watu mia nne na kumi na wawili, na hakuna jina moja la kwenye kitambulisho wala saini hata ya dawa. Wote walikuwa wameniiga mimi.

Katibu wa baraza, mama mmoja mkavu asiyecheka na mtu, alizisoma palepale mezani kwangu. Mhandisi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hili ni daftari la chekechea," mhandisi akasema.

"Kanuni ina nafasi moja," katibu akajibu bila kumtazama. "Mwombaji wa mstari wa kwanza akija kutia saini yake kamili mbele yangu kabla ya saa nane leo, ombi litasomwa barazani. Asipokuja, limekufa. Halirudi kwa miaka mitatu."

"Miaka mitatu barabara itakuwa imeshajengwa." Mhandisi akaniinamia. "Wewe unawajua watu wote wa kaunta hii. Huyu Mama Bibie ni nani?"

"Wako wengi," nikasema.

Wakaondoka. Nikakaa. Nikagonga muhuri barua ambazo nilikuwa nimeshazigonga. Nilijiambia mtu mwingine atajitokeza, huku nikijua kwamba mstari wa kwanza hauna mtu mwingine.

Saa saba simu ikaita. Breki, na kwa mara ya kwanza alikuwa anatafuta maneno.

"Dada, usishtuke. Kioo cha lori kimempiga Bibie begani asubuhi, akaingia mtaroni. Ni mzima. Amechubuka kiwiko tu, akaniachia baiskeli akaenda zamu kwa miguu. Ameniambia nisikwambie."

Nikakata simu, nikaitazama saa ya ukutani. Kama lori lile lingekuwa limesogea kidogo tu, nilifikiri, leo ningekuwa naambiwa kitu kingine, na tiki yangu ingekuwa palepale, nzuri, imenyooka. Nilijichukia.

Nikajikaza nikapanda ngazi hadi kwa katibu. "Mama Bibie ni mimi," nikamwambia. Hakushangaa. Akasogeza fomu, nikaandika jina langu lote, nikasaini. Akavuta faili langu la ajira kabatini, akaweka saini mbili bega kwa bega.

"Hii saini si sahihi," akasema. "Hazifanani."

Kweli hazikufanana. Ile mpya ilikuwa imetetemeka, herufi zimelaliana. Nikaomba nijaribu tena. Ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Hapo mlango ukafunguka, akaingia mhandisi. Akatazama karatasi, akanitazama mimi, akaelewa.

"Labda si yeye," akasema kwa upole wake uleule. "Rudi kazini, mama. Nami nitasahau kwamba nimekukuta humu."

Nafasi ile niliitamani, nisikufiche. Mlango ulikuwa wazi na ngazi ziko hatua tatu. Nikaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikaubana mezani kama mtu anayemshika kuku, nikasaini mara ya tatu.

Katibu akailinganisha na ile ya faili. "Sahihi," akasema, akagonga muhuri.

Mhandisi akanyoosha mkono. "Nikabidhi funguo za masjala. Utakaa nyumbani mpaka utakapoitwa."

Kesho yake Bibie akatoa baiskeli, Breki ameshainyoosha, kiwiko chake kimefungwa bandeji. Ombi lingesomwa Alhamisi, na hata madiwani wakilikubali, njia ingechukua mwaka au zaidi. "Mama, umeshapigana," akaniambia, "sasa pumzika." Kwa kuwa sikuwa na ofisi ya kuwahi, nikamsindikiza hadi barabarani. Tangu aanze kwenda kazini kwa baiskeli sikuwahi kumwona akiendesha pale. Alikuwa mdogo mno ukingoni mwa lami. Lori likaja nyuma yake, likapiga honi, halikupunguza mwendo, nami nikafumba macho. Nilipoyafumbua lilikuwa limepita, na yeye bado anakanyaga pedali. Nyuma yake lilikuwa linakuja jingine.