Upande wa Pili wa Meza

Mouna alipuliza pumzi ndani ya glavu, akaikunja mdomoni mpaka vidole vyake vikasimama, kisha akaisogeza karibu na shavu. Kidole gumba kilimpulizia upepo mwembamba. Kimetoboka. Akaitupa kwenye beseni la zile za kufungia vidonda tu, akachukua nyingine. Glavu hizi zilitengenezwa zivaliwe mara moja zitupwe. Katika hospitali hii ya Kalemie, vita vikiwa vimeingia mwaka wa tatu, zilioshwa, zikaanikwa kwenye kamba, zikapakwa poda na kuvaliwa tena mpaka mtu akasahau zilikuwa za rangi gani.

"Chukua hii. Hii njo nzuri, zile hapana." Papa Basile, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alimpa jozi aliyokuwa ameificha nyuma ya chungu cha kuchemshia vyombo. "Nilikuwekea. Leo haifai upate haya mbele ya Profeseri."

"Papa Basile, na upande wa pili?"

Yule mzee akajishughulisha na kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekwisha kunjwa. "Mimi nitatoa vyombo, Dokta. Upande ule walinikataza. Si unajua?"

Alijua, ila alitaka kusikia kama bado ni hivyo.

Katika eneo lote lililoshikwa na waasi, fakulte iliyobaki ikifundisha upasuaji wa juu ilikuwa moja tu, huko kaskazini, na mwaka huu ilikuwa na nafasi moja. Fakulte hiyo ilikuwa na desturi yake. Daktari anayeomba nafasi hupasua mbele ya profesa, na yule anayesimama upande wa pili wa meza, wa kumshikia kidonda wazi na kumfutia damu, lazima awe mwalimu aliyemfundisha au mkubwa aliyetoka shule ileile. Waliiita kumushikia mutoto. Mwalimu hamsifu mwanafunzi wake kwa mdomo, anamdhamini kwa mikono yake mwenyewe. Wakati wa amani huenda desturi hiyo ilikuwa na uzuri wake. Lakini Mouna alisomea Lubumbashi, na Lubumbashi sasa ilikuwa ng'ambo ya mstari wa vita. Alikuwa amekuja nyumbani Kalemie kwenye matanga ya baba yake. Kabla matanga hayajaondolewa, askari wakaingia mjini, treni ikakoma, na walimu wake wakageuka kuwa watu wa nchi nyingine.

Jana yake alikuwa ameitwa kwenye biro, ofisi ya mganga mkuu, akamkuta Profesa Éliézer wa fakulte ile ameketi kwenye kiti cha mwenye biro. Profesa alikuwa mtu wa heshima. Alimwinukia, akamkaribisha, akamuuliza habari za nyumbani.

"Profeseri, walimu wangu wako Lubumbashi," Mouna alisema. "Hakuna njia ya kufika kule."

"Najua, mama. Vita ni kitu kibaya sana."

"Sasa nani atasimama na mimi?"

"Swali hilo ungeuliza wa kwenu."

"Siwezi kuwauliza. Njo maana nasema hakuna njia."

Profesa alivua miwani, akaifuta taratibu. "Hatuna ubaya na wewe. Lakini kila nyumba inashika watoto wake. Mimi nikikushika wewe, wangu atashikwa na nani? Ngoja vita iishe, wa kwenu watakupokea." Halafu, pengine kwa kuwa hakupenda kuonekana mtu mbaya, akaongeza: "Mlango hatufungi. Kesho, kijana wetu Jean-Baptiste akimaliza mutihani wake, na wewe utapasua. Nitaangalia. Ila upande wa pili usiweke muntu wa hapa. Ukimuweka, itakuwa kazi ya kila siku tu, si mutihani."

Kati ya maneno yote hayo Mouna alishika moja: nitaangalia. Alitembea nalo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Akiniona, alijisemea, hawezi kujifanya hajaona. Maana mikono yake aliijua. Tangu vita vianze alikuwa amepasua walioletwa kutoka Niemba na risasi tumboni, akapasua akina mama waliokwama na uzazi huku umeme wa mitambo ya Bendera ukikatika, na Papa Basile akimshikia kurunzi kwa meno. Wengine walipona. Wengine walikufa kwa sababu alikuwa hajui zaidi, na hao ndio waliomfanya aitake nafasi ile mpaka kifua kinauma.

Na jambo moja hakumwambia mtu. Hata yeye aliwahi kuwa mtoto wa nyumba. Kule Lubumbashi, kabla nafasi hazijatangazwa, profesa wake alimwita akamwambia: yako tumekuwekea, wa nje watangoja. Alitoka akicheka. Kwenye benchi la korido alikuwa ameketi daktari kutoka Kisangani, amekumbatia mkoba wake, anangoja. Mouna alimpita bila kumsalimu. Siku hizi alijaribu mara nyingi kuikumbuka sura ya yule mtu, na haikuja.

*

Jean-Baptiste alifika na boksi la glavu mpya. Alikuwa kijana mpole, mwenye salamu, na tangu fakulte ilipomleta kufanya kazi Kalemie hakuwahi kumkosea Mouna. Mgonjwa wake alikuwa Papa Banza, fundi wa zamani wa treni, mwenye ngiri ya miaka. Alichomwa sindano ya mgongo, akafa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, macho yake yakabaki yakitembea darini. Profesa alisimama upande wa pili wa meza. Mouna alisimama ukutani, pale wanaposimama wasio na kazi.

Aliona jinsi watu wa nyumba moja wanavyopasua. Jean-Baptiste alipokwenda kushoto kupita kiasi, kidole cha Profesa kilikuwa kimeshatangulia kuziba njia. Aliposita, Profesa alikivuta kidonda kidogo, na mahali pa kukata pakajionyesha penyewe. Hakuna lililosemwa. Mtu asiye wa kazi hiyo angesema kijana anapasua peke yake.

Mlango ukasukumwa. Askari aliingia na viatu vyake vya matope mpaka karibu na meza. Komanda wa waasi anamwita Profesa, mke wa komanda amezidiwa, gari liko nje. Profesa alianza kuvua glavu kabla askari hajamaliza.

"Dokta Mouna, nawa mikono. Simama pangu."

"Mimi si wa nyumba yenu, Profeseri."

"Leo wewe njo nyumba yake," alisema kwa wepesi, akatoka.

Papa Basile alimfungulia glavu mpya. Vidole viliingia bila kukwama popote. Alikuwa amesahau kwamba glavu inaweza kuwa hivyo, na akaona uchungu, uchungu wa kijinga, kwa ajili ya kitu kidogo namna ile.

Kazi iliendelea vizuri mpaka kwenye kushona. Jean-Baptiste alipeleka sindano ndani mno, na damu nyeusi ikajaa kidonda mara moja, kimyakimya. Alikuwa ametoboa mshipa mkubwa wa paja. Akanyakua koleo, akaanza kukamata kamata hovyo ndani ya damu. Kila akikamata, tundu lilizidi kupanuka.

Wazo lilimjia Mouna, tena lilikuja limekamilika. Hakuhitaji kufanya kitu. Anyamaze tu, aendelee kufuta damu kama msaidizi mtiifu, na nafasi ingekuwa wazi.

"Kuna nini?" Papa Banza aliuliza akiwa anatazama dari. "Mbona mumenyamaza?"

"Kitu kidogo, Papa Banza. Tulia." Alimshika Jean-Baptiste kifundo cha mkono. "Wacha koleo. Toa uzi wako, wote. Sasa bonyeza hapa, na kidole, si na chuma. Usiangalie. Bonyeza tu."

Alikibonyeza kidole chake juu ya kidole cha kijana, wakakaa hivyo muda mrefu, paji kwa paji. Walipoachia, kidonda kilikuwa kikavu. Kisha Mouna alikivuta kidonda kidogo kuelekea kwake, na mahali pa kushona pakajionyesha.

Profesa alirudi wakati wa nyuzi za mwisho za ngozi. Aliinama, akaangalia. "Kazi safi. Njo kijana wetu huyu."

"Profeseri," Jean-Baptiste alisema, "Dokta Mouna njo ali..."

"Alikushikia vizuri. Nimeona." Akamgeukia Mouna. "Tayarisha mugonjwa wako. Komanda ametukaribisha chakula, tunakula kidogo tu, narudi."

Koridoni Jean-Baptiste alimfuata mbio mbio. "Dada, nitasema. Tukifika kule fakulte, nitasema vile ilikuwa."

"Sema sasa. Yuko pale."

Kijana aliangalia gari, akaangalia viatu vyake. "Sasa ana haraka," alisema, akaenda kupanda.

*

Mgonjwa wa Mouna alikuwa Mama Julienne, mkulima wa Niemba. Ngiri yake ilitoka siku alipokimbia vita na mtoto mgongoni na gunia la muhogo kichwani. Mtoto alifika Kalemie, gunia halikufika. Alikuwa amengoja siku hii kwa muda mrefu, na asubuhi hiyo alijipaka mafuta na kusuka nywele kama anakwenda misa.

Baada ya adhuhuri askari alikuja na ujumbe: Profesa anasema mumuchome sindano, yuko njiani. Papa Basile akamchoma Mama Julienne sindano ya mgongo. Mouna alinawa mpaka kwenye viwiko, akavaa ile jozi iliyofichwa nyuma ya chungu, akasimama na mikono juu mbele ya kifua, haigusi kitu. Upande wa pili wa meza palikuwa na sakafu tupu, na matope ya askari yaliyokwisha kukauka.

Wakangoja.

Wa kwanza kuisikia ndege alikuwa Papa Basile. Kila mtu mjini aliujua mlio wake, ndege ya komanda iliyopeleka magunia ya madini kaskazini, na ambayo mtu akipata kiti ndani yake hakiachi. Ilipita juu ya paa, vyombo vikatikisika kwenye sinia, ikashika njia ya kaskazini juu ya ziwa, ikapotea.

Papa Basile akaweka sinia chini na kuanza kuzunguka miguu ya mgonjwa. "Dokta, acha nije upande ule. Dawa ya mugongo haitangoja."

"Hapana," Mouna alisema upesi. "Usipite huko."

"Wameenda, mutoto yangu. Nani atakuona?"

"Ngoja kidogo tu, Papa Basile. Pengine amebaki. Pengine ni Jean-Baptiste peke yake ameenda."

Mzee akarudi mahali pake. Mikono ya Mouna ilikuwa imeanza kuuma kwa kuinuliwa, na kwenye kidole gumba cha kulia, mahali alipokuwa hajapajaribu vizuri asubuhi, alihisi ubaridi wa hewa ukiingia.

Mama Julienne aligeuza kichwa. Alimtazama daktari, kisha akatazama pale patupu ambapo daktari alikuwa anapatazama.

"Dokta," aliuliza kwa adabu, "tunamungoja nani?"