Mfuko wa Tatu

Tangu vibarua wa upimaji wafike, Tabea alikuwa hali akashiba. Walichimba shimo katikati ya shamba la baba yake, mzee Enoki, wakatia udongo kwenye mfuko wa turubai, wakaufunga kibao chenye namba tatu, kisha wakalifukia shimo ng'ombe asije akavunjika mguu. Mifuko ikapangwa barazani kwa jumbe kumngoja mzungu atoke Njombe. Ilijulikana kuwa inatafutwa ardhi ya kupanda miwati, miti ya magome ya kutengenezea ngozi, na kila mtu aliamini jambo moja: mzungu akiona udongo mzuri, anauchukua.

Udongo wa mzee Enoki ulikuwa mzuri wa kutisha. Mweusi, laini, wenye unyevu hata Septemba. Ndio uliowalisha watoto wake saba.

Mchana, jumbe alipokwenda kuwapokea wageni kwenye njia ya Makambako, Tabea alipanda kilimani kusikoota kitu ila kangaga, akachota udongo mwekundu kwa upindo wa kaniki, akaja akautia kwenye mfuko wa tatu badala ya ule mweusi. Hakumwambia mtu. Jasho lilimtoka kama aliyeiba sadaka kanisani.

Saa tisa mzungu alifika kwa gari na karani wake, Laurenti. Enoki aliketi mbele, kofia magotini. Tabea alijibanza nyuma ya mama yake. Mzungu akafungua mfuko wa tatu, akausugua udongo vidoleni, akautia kwenye kichupa cha maji na kuudondoshea dawa. Maji yakageuka manjano. Akatabasamu.



"Mzee Enoki," Laurenti alisema, "hapa unavuna nini? Mawe?"

Watu wakacheka.

"Navuna mahindi, karani. Njoo ule uone."

"Kwa udongo huu mchachu? Hata panya atahama. Ila miwati inaupenda hivi hivi. Bwana anasema mashamba meusi mnaachiwa, mlime chakula. Mekundu kama hili yanachukuliwa. Vigingi vya mpaka kesho asubuhi."

Kicheko kilikatika.

"Lakini langu ni jeusi," Enoki alisema.

"Sasa kila mtu atasema lake ni jeusi. Kibao hiki hapa, mzee. Namba tatu."

Tabea alijua kwamba mwaka jana kijana mmoja wa Mlangali aliyeng'oa vigingi alipelekwa boma, akarudi hawezi kukaa kitako. Naye hakuwahi kusema mbele ya wanaume. Hata shule aliiacha darasa la tatu kwa kuogopa kusimama kusoma. Hata hivyo alitoka nyuma ya mama yake.

"Bwana karani, udongo huo nimeutia mimi."

"Sema usikike."

"Nimeutia mimi. Nimeutoa kilimani. Shimo letu lipo, mkachimbe tena."

Laurenti hakumtafsiria mzungu mara moja. "Dada, unajua unachokisema? Hii ni kazi ya serikali."

"Najua."

Laurenti akatafsiri, wakaenda shambani wote. Safari hii mzungu alichimba mwenyewe, na dawa ikawa kijani. Akafuta kitu daftarini, akaandika kingine. Kisha akamnyooshea Tabea kidole, akasema maneno marefu.

"Shamba linabaki," Laurenti alisema polepole. "Wewe chukua blanketi. Utakaa boma Njombe mpaka bwana shauri aisikilize kesi yako."

Enoki aliinama akashika udongo wake, asiweze kumtazama mwanawe. Tabea akatangulia kwenye gari upesi, kabla ujasiri haujamwishia.