Sauti Iliyobaki Kidato cha Tatu

Wasichana walipimwa siku ya Ijumaa, kabla ya uji. Muuguzi wa zahanati ya jirani alisimama ndani ya stoo ya chakula, katikati ya magunia ya maharage, na mlangoni pakatundikwa kitenge kiwe pazia. Waliingia mmoja mmoja, wakabonyezwa tumbo, wakatoka wakifunga vifungo. Wavulana walikuwa wanacheza mpira. Alipotoka Hilaria wa kidato cha tatu, muuguzi alitoka nyuma yake akanawa mikono, na kabla ya kengele ya mchana binti huyo alikuwa ameshashika njia ya kwao Mwika, sanduku kichwani, bila mtu kumuuliza swali.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Magdalena, mwalimu wa darasa, aliita majina. Kutoka kwa Hellen alirukia kwa Irene, kama alivyoagizwa.

"Umeniruka, mwalimu," ilisema sauti ya Hilaria kutoka dawati la dirishani. "Nipo."

Dawati lilikuwa tupu. Wanafunzi waligeuka, wakatazama, wakarudi kwenye vitabu vyao, maana kulikuwa na jaribio la jiografia. Mwalimu Magdalena akasema, "Haya, Hilaria yupo," akaendelea na majina.

Mkuu wa shule, Mwalimu Aminieli, alilishughulikia jambo hilo kabla ya chai. Kanuni ilisema mwanafunzi mwenye mimba afukuzwe. Sauti haikuwa na mimba. Kwa hiyo aliamua ibaki, mradi izungumze Kiingereza kuanzia getini na isidai chakula. Wiki hiyohiyo aliituma ikawapokee wageni wa Ulaya waliokuja kukagua vyoo walivyoijengea shule, na wageni wakayasifu sana matamshi yake.

Mwalimu Magdalena ndiye aliyekuwa mshauri wa wanafunzi. Kazi hiyo hakuiomba. Miaka mingi alikuwa amefundisha Siasa, akiwaeleza watoto wa wakulima wa kahawa jinsi ubepari ulivyo unyama. Kisha vyama vikawa vingi, somo likafutwa, na ikabidi atafutiwe kitu cha kufanya. Alipelekwa semina ya ushauri nasaha kwenye hoteli moja mjini Moshi, akarudi na fulana iliyoandikwa SIKILIZA KWANZA, na mkuu akamfungulia chumba kilichokuwa kinahifadhi majembe. Walimu wenzake walicheka. Lakini Magdalena alikuwa mtu wa kufanya anachoambiwa, na fulana ilimwambia asikilize.

Sauti ilimfuata chumbani humo saa ya mapumziko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Ilikaa kwenye benchi. Ilieleza mambo kwa utaratibu, kama mtu aliyejiandaa. Ilikuwa siku ya gulio la Himo, mvua inanyesha, Hilaria anapanda kurudi nyumbani kwa miguu. Mzee Valerian akasimamisha pikapu yake, akamwambia panda. Badala ya kwenda Mwika, akakata kona, akaingia kwenye ghala lake la kahawa.

Mzee Valerian alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua kahawa, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusimama barabarani na mizani. Mabati ya bweni la wasichana alitoa yeye.

"Nilisema sitaki," ilisema sauti. "Hilaria alishikwa, mimi nikasema. Na nilisema kwa nguvu, mwalimu. Vibarua walikuwa nje wanashona magunia."

"Wakafanyaje?"

"Wakaendelea kushona."

Mwalimu Magdalena alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu. Mwalimu Aminieli alimsikiliza mpaka mwisho, akachovya mkate kwenye chai.

"Sauti haiwezi kuwa shahidi," alisema. "Haina mkono wa kushika Biblia."

"Inaweza kusema kweli bila kushika kitu."

"Mwalimu, wewe kazi yako ni ushauri. Ishauri."

Jumamosi alipanda Mwika. Alimkuta Mektrida, mama yake Hilaria, anamkatia ng'ombe majani ya migomba, na Hilaria mwenyewe yuko jikoni anamenya ndizi za mtori. Binti alisimama, akapiga goti kidogo, akafumbua mdomo kuamkia. Hakikutoka kitu. Mektrida alipangusa mikono kwenye khanga.

"Mwalimu, mmeturudishia mwili," alisema, "sauti mmebaki nayo. Hata jina la aliyempa hii mimba hawezi kunitajia."

"Mimi nimeambiwa," alisema Magdalena, akalitaja.

Mektrida hakushtuka. Alitazama juu. Nyumba yao, iliyokuwa ya nyasi mwezi uliopita, ilikuwa na mabati mapya yanayoumiza macho. Mumewe Sirili alitoka ndani akiwa na kibuyu cha pombe ya mbege, akamkaribisha mwalimu kwa heshima zote, akamwekea kiti. Alieleza kwamba wazee wa ukoo wa Valerian walikuwa wamekuja na pombe na jani la sale, na sale kwa Mchagga likishaletwa, aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Mabati waliyaacha tu, kama ujirani mwema. Binti hakupinga. Walimwuliza mbele ya wazee kama ana neno, akanyamaza.

"Hana sauti, baba Hilaria," alisema Magdalena.

"Ndiyo. Kwa hiyo yameisha."

Mektrida alimsindikiza mwalimu hadi kwenye uzio wa kihamba, mwisho wa migomba yao, hapo masikio ya mumewe yasipofika. "Sale ameletewa yeye," alisema. "Mimi sikuletewa."

Basi siku iliyofuata ya shule wakashuka mjini, kwenye kituo kimoja cha polisi. Mektrida alikuja na Hilaria. Magdalena alikuja na sauti ndani ya kikapu, ameifunika kwa khanga isipeperuke na upepo wa barabara kuu. Afande wa zamu alikuwa kijana mpole. Aliwapa viti, akaisikiliza sauti bila kuikatiza, akaandika kila neno, na mwishoni akasogeza kidau cha wino.

"Aweke dole gumba hapa."

Hilaria akanyoosha mkono.

"Hapana," alisema afande. "Huyu mwenye kidole hajatoa maelezo. Na aliyetoa maelezo hana kidole."

"Wote wawili ni Hilaria," alisema Magdalena.

"Naelewa, mama. Lakini wamekuja mmoja kwa miguu na mmoja kwa kikapu. Wakishaungana, mrudi. Tupo siku zote." Akaikunja karatasi, akaiwekea glasi yake ya maji juu.

Walikaa kwenye benchi nje, karibu na muuza karanga. Mektrida alikifunua kikapu. "Ingia basi, mwanangu," alisema. Hilaria alifumbua mdomo, akangoja.

Sauti ilibaki kikapuni.

"Mama, nikiingia humo nitakwenda kukaa chini ya yale mabati," ilisema. "Kila nikitaka kusema, baba ataniambia yameisha. Shuleni hawanisikii, lakini bado hawajanikataza."

Hilaria alifumba mdomo. Alilia, machozi yakashuka bila kwikwi wala mlio. Kisha akaweka kiganja juu ya kikapu, akakiacha hapo, na ilikuwa wazi kwa wote waliokaa kwenye benchi kwamba amekubali. Mektrida alimfuta uso kwa ncha ya khanga, kwa nguvu, kama anayefuta meza ya watu asiowapenda.

Habari za kituoni zilimfikia Mwalimu Aminieli kabla Magdalena hajarudi mlimani. Alimwita, akamkumbusha kwamba ushauri nasaha ni kwa ajili ya wanafunzi, na familia zina wazee wao. Aliongeza kwamba Mzee Valerian, ambaye ni mtu asiye na kinyongo, amejitolea kukipaka rangi chumba cha ushauri. Kikapakwa rangi ya maziwa ya mgando. Magdalena alifungua dirisha harufu itoke, akaendelea kupokea watoto.

Na kila Jumamosi alipanda Mwika na kikapu. Hilaria alikaa kwenye kigoda, mguu huu huku na ule kule kwa sababu ya tumbo, na sauti ikamfundisha kila kilichofundishwa wiki hiyo: milinganyo, mzunguko wa damu, mito ya Amerika. Yeye alichora majibu ardhini kwa kijiti. Akikosea, sauti ilimcheka, naye akacheka pia, mabega yakitikisika kimyakimya. Sirili akipita aliwasalimia, akaenda zake kwenye pombe. Ilifika mahali Hilaria akawa anajua hesabu kuliko waliokuwa darasani, na Magdalena akaenda kumwuliza mkuu kama angeruhusiwa kurudi baada ya kujifungua. Mkuu alishangaa swali lenyewe.

"Huyo si tunaye tayari?" alisema. "Hatuwezi kuwa na mwanafunzi mmoja mara mbili."

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na moja, wa kike, mwenye afya, na sauti yake mwenyewe. Alilia mpaka majirani wa ng'ambo ya mfereji wakaja kuuliza kuna nini. Mektrida alimwacha alie. Hilaria alimbeba kwenye mwanga wa mlangoni, akamtazama mdomoni kwa muda, akatabasamu.

Ubatizo uliwekwa sikukuu ya Krismasi, wakati Wachagga wote wamerudi kutoka Dar na Arusha na magari yamejaa mpaka kwenye migomba ya padre. Mzee Valerian alikaa kiti cha mbele, suti ya kahawia, mke wake kando. Magdalena alikuwa mama wa ubatizo. Alisimama karibu na kisima cha ubatizo, kikapu mkononi, na Hilaria ubavuni akiwa amempakata mtoto.

Padre alimwuliza Hilaria jina la mtoto. Sauti ikajibu kutoka kikapuni kwamba anaitwa Gladness. Padre akaitikia kwa kichwa, maana alishasikia habari zake.

"Na baba yake ni nani?"

"Ni Mzee Valerian, mwenyekiti wa bodi ya shule," ilisema sauti. "Yule pale mbele, mwenye suti ya kahawia."

Ilisema kwa Kiswahili kilichonyooka, na kanisa lile lilijengwa vizuri, neno la kisimani linafika hadi mlango mkuu. Waumini wote walisikia. Mwanamke mmoja alimhamisha mwanawe kutoka goti moja hadi jingine. Kwaya ilifungua ukurasa. Padre alikohoa, akamgeukia katekista aliyekuwa amesubiri na kalamu.

"Baba hajulikani," alisema, akammwagia mtoto maji.

Watu wakaitikia Amina, na Mzee Valerian, mwenye sauti nzito nzuri, aliitikia pamoja nao.